Mahali pa Kuchimba

Ramani ilikuwa kubwa kuliko meza ya ofisi ya kijiji, kwa hiyo waliitandaza chini, juu ya sakafu ya saruji, na wajumbe wa kamati ya matumizi ya ardhi wakachuchumaa kuizunguka kama watu wanaochambua mchele. Anyesi aliambiwa ashike kona iliyokuwa inajikunja. Aliweka kiganja juu ya karatasi akaibana, na kwa saa nzima kazi yake katika kikao ikawa hiyo.

Kijiji kizima cha Chidewa kilikuwa pale chini kwa rangi. Kijani ni kilimo, njano ni malisho, kahawia ni makazi. Nasra, mtaalamu wa udongo aliyekuja na timu ya upimaji, alikuwa binti wa miaka kama ishirini na saba, mtulivu wa sauti, na kila alipotaka kumwonyesha mzee jambo alipiga goti kwanza.

"Hapa ndipo penye tatizo," alisema, akigusa karatasi kwa kalamu. "Malisho yako huku juu. Lambo liko huku chini. Ng'ombe lazima wapite mahali kwenda kunywa. Wakipita katikati ya nyumba za watu, mtakuwa na kesi kila wiki. Zimebaki njia mbili tu. Hii, au hii."

Anyesi hakuwahi kusoma ramani, lakini alilijua pindo la korongo lile hata likichorwa na mtoto kwenye vumbi. Njia ya kwanza ilipita juu ya shamba lao, yeye na mumewe. Ya pili ilipita juu ya shamba la jirani yao Mwantum.

"La juu ni la Sostenes," alisema Joel, mtendaji wa kijiji, akiandika. "La chini la yule mama Mrangi, mjane."

"Basi kesho tutapima udongo wa yote mawili," Nasra akasema. "Lenye udongo mzuri litabaki kilimo, na mwenyewe atapata hati ya kimila. Lenye udongo hafifu litaingia njia ya mifugo. Mwenyewe atapewa eneo lingine kwenye akiba ya kijiji."

"Akiba ipi? Ile ya mlimani?" mzee Bartolomayo aliuliza, akacheka bila furaha. "Kule hata mbuzi wanatafuta pa kuweka kwato."

Joel alifunga daftari lake, akamgeukia Anyesi.

"Mtaalamu anataka mjumbe wa kumwongoza. Mama Abeli, utakwenda wewe. Mashamba yale unayajua."

Mtu mmoja alipaswa kusema kwamba jambo hili linamgusa mama Abeli mwenyewe, kwamba si sawa. Anyesi alingoja lisemwe. Wajumbe walikuwa wameshasimama, wanajikung'uta vumbi magotini, wanauliza posho ya leo inatolewa saa ngapi. Na yeye mwenyewe hakulisema.

*

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe Sostenes akifunga ua wa miiba, na mama mkwe wake, bibi Ruthu, ameketi kivulini mwa ukuta akimenya njugumawe kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga kidogo tu. Anyesi aliwaeleza yote. Sostenes hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

"Kule karibu na Msalato walianza hivi hivi," alisema. "Karatasi na rangi, na vijana wenye adabu. Shikamoo baba, shikamoo mama. Mwisho tukahamishwa. Nilirudi hapa kwa sababu ni kwa baba yangu. Nikitolewa hapa nitarudi wapi tena?"

"Hawajasema tunatolewa sisi."

"Wamesemaje?"

"Watapima. Lenye udongo mzuri linabaki."

Sostenes alijua, na Anyesi alijua, na hata bibi Ruthu asiyeona alijua. Shamba lao lilikuwa isanga, mchanga mwekundu uliokunywa maji na kuyasahau. Mwaka wa mvua walivuna uwele wa kutosha, na mwaka wa ukame walivuna kidogo, lakini walivuna. Shamba la Mwantum lilikaa chini ya mteremko, na kila kilichoteremshwa na mvua kwa miaka mingi kililala pale. Mtama wake ulimzidi mtu mrefu kimo.

"Wakipima kwa haki," Anyesi alisema taratibu, "la kwetu linakwenda."

"Pale penye kichuguu alichokisawazisha baba," Sostenes alisema, akirudi kwenye miiba yake, "udongo ni mweusi mpaka kiunoni. Sijakwambia kitu. Nasema tu kwamba pale udongo ni mzuri."

"Na shamba la Mwantum?" bibi Ruthu aliuliza.

"La Mwantum halinihusu, mama."

"Nyonga yangu ilipovunjika, ninyi mkiwa hukohuko Msalato, ni nani aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati?"

"Mwantum, mama. Sijasahau. Lakini tutakula shukrani?"

Bibi aliendelea kumenya. Baadaye alisema, kama anayezungumza na njugu zake, "Baba yako ndiye aliyewakaribisha pale, yeye na marehemu mumewe, walipotoka Kondoa na kitanda kimoja na kuku wawili. Aliwapa kwa mkono wake."

"Basi aliwapa pazuri kuliko alivyonipa mimi," Sostenes alijibu, na ua ukamchoma, akatukana.

*

Kesho yake gari liliwashusha kwenye ukingo wa korongo saa mbili asubuhi. Nasra alikuwa na chuma kirefu cha kutobolea udongo, chupa ya maji, mifuko ya nailoni na kitabu kidogo cha rangi za udongo. Dereva, Bashiri, alibaki kwenye usukani akisikiliza redio.

"Kwa kawaida ningechimba mashimo matatu kila shamba," Nasra alisema wakitembea. "Lakini gari linatakiwa mjini kabla ya mchana, na kuna vijiji vingine viwili. Tutachimba moja moja. Cha msingi mama unionyeshe mahali panapowakilisha shamba zima. Pasiwe pazuri sana wala pabaya sana."

"Nimeelewa."

"Na kuna jambo jingine, mama yangu." Nasra alisimama, akatazama nyuma kuona kama dereva yuko mbali. "Mwenye shamba la chini ni Mrangi, na mimi ni Mrangi. Nikichagua mwenyewe pa kuchimba, likitokea zuri watasema nimembeba. Kwa hiyo nataka uchague wewe, mjumbe wa kamati, na niandike jina lako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Shamba la Sostenes lilikuwa la kwanza. Anyesi aliondoka nyumbani akiwa amekata shauri: atampeleka katikati, penye mabua ya uwele wa mwaka jana, na litakalokuwa na liwe. Alitembea kuelekea katikati. Halafu alimkumbuka Sostenes alivyokuwa miezi ya kwanza baada ya kuhama, anakaa kitandani mchana na viatu miguuni, kama mtu aliyeambiwa gari linakuja. Akapinda kushoto.

"Hapa," alisema.

Chuma kiliingia bila shida. Nasra alikizungusha, akakitoa, akakizamisha tena. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi, na chini zaidi ulikuwa na ubaridi wa unyevu, Oktoba ile ambayo hata mbwa walilala mdomo wazi. Nasra aliulowesha, akauviringisha kiganjani mpaka ukawa kama mkia wa panya usiokatika.

"Mh!" alisema. "Kwa macho nisingedhani."

Akaandika. Anyesi alitazama mlima.

Mwantum aliwakuta njiani, ndoo mbili tupu mkononi, kanga kichwani, uso wake mwembamba umejaa tabasamu. Alimpa Nasra mkono, akamsalimu kwa Kirangi, wakacheka neno fulani, kisha Nasra akarudi haraka kwenye Kiswahili. Mwantum akamgeukia Anyesi, akamsalimu kwa lugha ya pale.

"Mbukwa, mama Abeli! Bibi ameamkaje?"

"Hajambo, mama Hasani. Anakusalimu."

"Nimewawekea ugali wa uwele na mlenda pale jikoni, umefunikwa na ungo. Msiondoke bila kula, tafadhali. Mimi nawahi lamboni kabla ng'ombe hawajayachafua maji."

"Mama, tunapima shamba lako sasa hivi," Nasra alisema. "Ni vizuri uwepo."

"Kwani mama Abeli hayupo?" Mwantum aliuliza, akishangaa kweli. "Akiwepo yeye nipo mimi. Analima humu siku zangu za homa, mimi nalima kwake siku zake. Mwonyeshe, mwenzangu."

Akashuka na ndoo zake, zikigongana.

Kama Mwantum angebaki, mambo yangekwenda vingine. Anyesi alilifikiria hilo mara nyingi baadaye, na mara nyingine lilimpa nafuu, mpaka alipoona aibu ya kumlaumu mtu kwa kumwamini.

Katika shamba lile kubwa, zuri, palikuwa na mahali pamoja pabovu, kipande cha ukubwa wa nyumba mbili, karibu kabisa na katikati. Chini yake palilala jiwe pana. Jembe liligonga pale futi moja tu. Mtu asiyejua asingeona tofauti wakati wa kiangazi, kwa maana mabua yote yalikuwa yamekwisha liwa na mifugo. Anyesi alipaacha pazuri, akasogea hatua kumi na tano mpaka penye jiwe. Alizihesabu.

"Hapa."

Chuma kilishuka kidogo, kikalia. Nasra alijaribu tena kando, hatua moja. Kikalia tena.

"Pote pako hivi?"

Upepo uliinua vumbi jembamba likawapita miguuni. Anyesi aliona ndani ya mlango wa jiko la Mwantum, ule ungo juu ya chakula.

"Sehemu kubwa," alisema.

Nasra alibaki ameinama muda mrefu kidogo, kalamu mkononi, kama anayetaka kuuliza swali jingine. Lakini Bashiri alipiga honi kule korongoni, na akaandika: kina, sentimita thelathini, mwamba. Mahali pameonyeshwa na mjumbe Anyesi Sostenes.

"Weka sahihi hapa, mama."

Akaweka. Chakula hawakukila. Anyesi alisema gari linangoja.

*

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika Novemba kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ramani mpya ilibandikwa ubaoni, na njia ya mifugo ilikuwa ukanda wa njano uliopasua katikati ya shamba la Mwantum na kumwachia vipande viwili pembeni, visivyotosha hata kupanda mboga.

Joel alisoma matokeo. Mwantum alikuwa amekaa na wanawake, miguu imenyooshwa mbele. Aliposikia jina lake alisimama taratibu, akafunga kanga kiunoni.

"Ndugu mwenyekiti, mimi si msomi. Lakini shamba langu nimelilima miaka ishirini na mbili. Mnasema lina jiwe. Lina jiwe kweli, mahali pamoja. Nimelipigapiga na jembe nalijua. Naomba mchimbe pengine. Popote pengine. Hata sasa hivi, mimi mwenyewe nitachimba."

Watu waliguna. Baadhi walikuwa wafugaji na walitaka njia yao ifunguliwe kabla ya masika. Wengine walitaka hati zao, na walikwisha ambiwa kwamba ramani isipopita leo, hati zitangoja bajeti ya mwaka mwingine.

"Apewe haki yake!" alipaza sauti mzee Bartolomayo.

"Haki ipi? Amepewa mlimani!" mwingine akamjibu. "Na hata hapa ni mgeni."

Neno hilo lilipita juu ya vichwa vya watu, na hakuna aliyelikemea. Mwantum alilisikia.

Nasra alisimama na faili lake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Kuna aliyetuonyesha mahali pale," alisema. "Nadhani ni haki aulizwe mbele ya mkutano. Mama Abeli. Pale palikuwa mahali panapowakilisha shamba zima?"

Anyesi alisimama. Sostenes alikuwa upande wa wanaume, ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama yuko kanisani. Mwantum alimgeukia Anyesi, na usoni mwake hapakuwa na shaka hata kidogo. Alikuwa na faraja ya mtu aliyeona shahidi wake amefika.

"Ndiyo," Anyesi alisema.

"Sema kwa sauti, mama," Joel alihimiza.

"Ndiyo. Palikuwa katikati."

Na hilo lilikuwa kweli. Palikuwa katikati. Aliketi.

Walipoambiwa wanyooshe mikono wanaokubali, uwanja mzima ulinyoosha, isipokuwa mzee Bartolomayo na wachache waliomzunguka. Bibi Ruthu, aliyeletwa kwa toroli la kubebea maji ili akidi itimie, aliuliza kwa sauti, "Tunanyoosha kwa ajili ya nini?" Sostenes akamsogelea, akamshika mkono, akaunyanyua.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya pili ya Desemba, na ng'ombe walipita. Anyesi alikuwa shambani kwake, anasia uwele kwenye isanga iliyolowa, akawasikia kabla hajawaona. Walikuwa kama mia tatu, wa watu mbalimbali, wakishuka katika njia yao mpya. Ilipofika jioni ule udongo mweusi wa Mwantum ulikuwa tope la kwato, na siku ya tatu ulikuwa umeshindiliwa mgumu kama sakafu.

Siku ya nne Anyesi hakwenda shambani. Alikwenda ofisini kwa Joel. Akamweleza yote akiwa amesimama, kichuguu na jiwe, na zile hatua kumi na tano.

Joel aliinuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu anakisia. Mama mkwe pia, nadhani."

"Sasa unataka niandike nini? Kwamba mjumbe wangu wa kamati aliidanganya timu? Mama Abeli, ramani imeshakwenda wilayani. Imepigwa mihuri. Nikiifungua kwa ajili ya shamba moja, watafungua zote. Watu mia mbili na kumi wanangoja hati. Utawaeleza wewe?"

"Nipo tayari kueleza."

"Upo tayari leo, wakati haisaidii." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Ungekuja siku moja kabla ya mkutano ningekupeleka mwenyewe kwa yule binti. Sasa nenda nyumbani. Na usilirudie hili popote, maana watakufunga wewe, na shamba halitarudi."

Alipotoka alipita njia ya lamboni, akakusudia kwenda kwa Mwantum moja kwa moja. Alimwona kwa mbali, kule mlimani, peke yake, akikusanya mawe na kuyapanga pembeni kama anayejenga ukuta. Anyesi alisimama pale mpaka manyunyu yakaanza. Kisha akarudi nyumbani kwa njia nyingine.

*

Januari uwele ulikuwa umefika magotini na magugu yalikuwa yameshika. Hati ilikuwa imeletwa, imefungwa kwenye nailoni na kuwekwa ndani ya sanduku la nguo, na Sostenes alikuwa amerudia kupiga mluzi asubuhi. Alitangaza kwamba anataka vibarua wa palizi siku mbili. Walikuja wanawake sita. Wa sita alikuwa Mwantum, na jembe lake begani.

Sostenes alipomwona aliacha kupiga mluzi. "Wapimie wewe," alimwambia mkewe, akaondoka kuelekea nyumbani, akitembea haraka kama aliyesahau kitu motoni.

Anyesi aliwapimia watano ngwe zao, kila mmoja kipande chake cha siku, kwa hatua na kijiti. Akabaki Mwantum. Alikuwa amekonda, na vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa, vimepondwa na mawe.

"Mama Hasani, wewe usilime. Nitakupa uwele. Nitakupa gunia zima tukivuna, hata mawili."

"Sikuja kuomba uwele. Nimesikia mnataka vibarua."

"Kaa hapo kivulini, basi. Nitailima mimi ngwe yako."

"Kwa nini?"

Wanawake wengine walikuwa wameshaanza, wameinama mbali kidogo, majembe yanakwenda kwa pamoja. Anyesi alijaribu kusema. Alikuwa amepanga maneno yake mara nyingi, wakati wa kuteka maji na wakati wa kutwanga, lakini sasa halikutoka hata neno la kwanza. Alisimama na kijiti chake, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, na mikono yake haikuinuka kuyafuta.

"Nilijua siku ileile," Mwantum alisema. "Nilirudi kutoka lamboni nikaona shimo lilipo. Nikasema, labda yule binti alichagua mwenyewe. Nikakungoja uje. Ukapita mwezi, ukaja mkutano, nikasema sasa atasimama aseme. Ukasimama."

"Nilikwenda kwa Joel. Nilimwambia yote."

"Lini?"

"Desemba. Ng'ombe walipoanza kupita."

Mwantum alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea hesabu ya kitu kilichokwisha potea.

"Kwa Joel," alisema. "Kutoka kwako kwenda kwa Joel unapita mlangoni kwangu, mama Abeli."

Anyesi alipiga magoti kwenye udongo uliolowa. Mwanamke mmoja kati ya vibarua aliinua kichwa akatazama, kisha akainama haraka.

"Nisamehe."

"Inuka. Watu wanaona." Mwantum hakumgusa. Alishusha jembe begani, akalijaribu mpini kama umekaza. "Hasani ametuma neno kwamba nihamie kwake, amepata chumba karibu na Chimwaga. Nitakwenda mavuno yakiisha, mavuno ya wenzangu. Lakini mpaka hapo lazima nile. Nipimie."

"Siwezi."

"Unaweza. Wewe ndiye unayejua kupima."

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya korongo. Anyesi aliinuka, magoti yake mekundu kwa tope. Akaweka kijiti chini, akaanza kutembea kati ya mistari ya uwele. Alipofika hatua ya kumi alisita, akataka kuishia hapo, ngwe iwe fupi kuliko za wengine.

"Endelea," Mwantum alisema nyuma yake. "Za wenzangu ni ishirini."

Akaendelea.